Skrubu ya Pampu

Nilimwonea wivu mdogo wangu, na sitazungukazunguka kulisema. Wenzangu wangesema walikuwa wanatamani maendeleo tu. Mimi ulikuwa wivu, ule wa kukaa kooni chakula kisipite, na ulisababishwa na pikapu.

Zilikuwa pikapu mbili za dizeli, za kampuni moja, zote nyeupe. Yetu aliinunua mume wangu, karani wa chama cha kahawa, tukiishi mtaa wa Dallas pale Embu mjini, nami nafundisha shule ya msingi. Ya mdogo wangu aliinunua shemeji, mumewe, mfanyabiashara wa ng'ombe kule Ruiri. Ukiziegesha sambamba hungezitofautisha, ila yao ilikuwa ya bei ya juu, yenye herufi mbili za ziada nyuma, na nguvu. Hiyo nguvu ndiyo ilininyima raha.

Wazazi wetu waliishi Kibugu, juu kwenye majani chai, na kabla ya kufika langoni kulikuwa na mlima wa udongo mwekundu. Hata mvua ikinyesha, pikapu ya shemeji iliupanda mpaka mlangoni. Yetu ilifika kwenye kibanda cha kupimia majani chai, chini kabisa, ikajaribu, ikakohoa, ikarudi kinyumenyume. Mume wangu angezima injini na kusema bila haya, "Si tumefika?" Mtu huyo hakuwa na chembe ya wivu mwilini. Mimi nilikuwa na wa kututosha wote wawili.

Basi tunapanda kwa miguu. Kila mara Baba alikuwa ameshatusikia na kuteremka, gambuti za mpira miguuni, mwavuli mkononi. Mimi ni binti yake wa kwanza, nikapewa jina la mama yake kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo tangu utotoni aliniita Mama. "Mama, karibu nyumbani," angesema, anapokea kikapu changu, ananifunika na mwavuli, yeye mwenyewe bega moja linalowa. Mume wangu na watoto walifuata nyuma. Njiani Baba aliniambia mambo yake: ng'ombe aliyekataa kushika mimba, ugomvi wa mpaka na jirani, jinsi moyo wake ulivyokuwa ukimwendea mbio akilala. Nami namjibu "ndio, ndio," macho yangu yako kwenye viatu vyangu vya ngozi vinavyozama matopeni, na kichwani nina swali moja tu.

"Wale wa Ruiri wamefika?"

"Wamefika zamani."

Na kweli ningemkuta mdogo wangu jikoni, viatu safi. "Ai, dada, mmekuja na miguu tena? Kwani hiyo gari yenu ni ya mapambo?" Angecheka, nami nacheka, huku natamani kummwagia chai.

Likizo ya Aprili ilipokaribia, nikamsukuma mume wangu tupeleke gari kwa fundi wa pampu za dizeli pale Embu. Alipovuka barabara kwenda kunywa chai, nikamwuliza fundi kwa nini ya shemeji inapanda na yetu haipandi. Fundi akafungua boneti, akapangusa pampu kwa kitambaa, akanionyesha skrubu ndogo iliyofungwa kwa waya na kutiwa muhuri wa risasi.

"Mwalimu, injini ni moja. Ile ya bei na hii yako, vyuma ni vile vile. Hii wameibana hapa tu kiwandani isipate dizeli ya kutosha, ndio ile nyingine iuzwe ghali."

Nilihisi nimetukanwa. Yaani miaka yote hiyo nimekanyaga tope kwa sababu ya skrubu!

"Ifungue," nikasema.

"Itatoa moshi mweusi. Na msiikanyage muda mrefu, itachemka."

"Fundi, fungua."

Akakata ile waya, akazungusha skrubu robo mzunguko, kisha akaongeza kidogo nilipomkazia macho. Mume wangu aliporudi akawasha gari, akasikia sauti si ile. Akaniangalia, akamwangalia fundi, akatikisa kichwa.

Siku ya kwenda Kibugu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulipokaribia kibanda nikamwambia, "Leo hakuna kusimama. Gia ya kwanza, kanyaga!" Pikapu ikanguruma, nyuma ikacheza huku na huku, watoto wakapiga makofi, na haki ya Mungu ikapanda.

Kwenye kona ya katikati, Baba alikuwa anateremka. Akatuona, akainua mwavuli.

"Nisimame?" mume wangu akauliza.

"Ukisimama haitaondoka tena. Twende!"

Na ilikuwa kweli, kwenye tope lile usingeondoka. Baba akaruka kando, akazama kwenye majani chai mpaka kiunoni. Nilimpungia mkono nikicheka. Kwenye kioo cha pembeni niliona moshi mweusi umemfunika, halafu kona ikamficha.

Tukaegesha pua kwa pua na pikapu ya Ruiri. Mdogo wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwani mmenunua ingine?" Woi, nilivyoshuka! Polepole, kiatu kimoja, halafu cha pili, vyote safi. Sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile.

Baba alifika baadaye, peke yake. Akaukung'uta mwavuli, akautundika kwenye msumari wa barazani.

"Mama, umefika," alisema. "Sasa mnajiweza."

Nilifikiri ananisifu.

Agosti tulipanda tena, na hakuwa njiani. Disemba vilevile. Tulimkuta ameketi barazani, akatusalimu sote kwa pamoja, akaniuliza habari za shule, basi. Habari za ng'ombe wala za moyo wake sikuzisikia tena.

Disemba hiyo tulikuwa tunaosha vyombo, mdogo wangu akasema, "Sasa tuko sawa, dada."

"Kwa gari?" nikauliza, nimejaa furaha.

"Gari gani! Mimi Baba hajawahi kunishukia hata siku moja. Nilikuwa namwona akisikia gari lenu kule chini, anatafuta gambuti kama mtoto. Kuna siku nilimwambia mume wangu tuliache letu chini tujifanye limekataa. Akanicheka. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nalia."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Januari nikarudi kwa fundi. "Rudisha ilivyokuwa." Akanicheka, akasema watu huja kwake kuongezewa, si kupunguziwa. Lakini alirudisha.

Aprili pikapu ilifika kwenye kibanda, ikajaribu, ikakohoa, ikarudi kinyumenyume. "Si tumefika?" akasema mume wangu. Nikamwomba apige honi, akapiga. Nikashuka, nikasimama ukingoni mwa kibanda na kikapu miguuni, naitazama ile kona. Watoto wakaanza kulalamika ndani ya gari. Wachumaji wakaanza kuleta majani, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unangoja nani?"

"Baba."

"Si yuko nyumbani?"

Tukapanda. Alikuwa barazani, na mwavuli uko kwenye msumari wake, mkavu. Akaviangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia usoni.

"Mama, gari nililisikia," alisema. "Nikasema hilo siku hizi halisimami."