Kitambaa cha Mama Ngalula

Ukitaka kujua Mama Ngalula anathamini nini, tazama alichokifunika. Televisheni yake ina kitambaa cha kufuma, redio ina chake, termosi ina chake, na cherehani iliyokufa tangu enzi za marehemu mumewe ina viwili. Mimi jirani yake hapa Dilala nimekalia kiti chake miaka kumi na moja na sijawahi kuiona rangi yake.

Yote hayo ni vita na vumbi. Malori ya madini hupita mbele ya nyumba zetu mchana kutwa, na Mama Ngalula ana pumu. Pompi yake ya mwisho, ile dawa ya kuvuta kwa kinywa, iliisha kabla ya Pasaka. Siku hizi kwenye kwaya anafungua kinywa tu, sauti haitoki, yeye aliyekuwa akiongoza. Jumapili moja nilimwona analia huku akijifanya anatafuta ukurasa.

Basi watafiti walipokuja kupima hewa katika nyumba za wenye pumu, tulifurahi. Nyumba ikikutwa na vumbi jingi, mgonjwa wake atafuatiliwa mwaka mzima na kupewa pompi bure. Samy, mtafiti mpole, aliweka mezani kisanduku cha kunyonya hewa, akaomba kisiguswe kwa siku tatu.

Mama Ngalula hakukigusa. Alikifunika tu.

Siku ya tatu, aliposikia pikipiki ya Samy, alikifunua, akakipangusa, akaficha kitambaa chini ya mto wa kiti. Samy aliunganisha kisanduku na simu yake, akasoma, akashangaa.

"Mama, nyumba yenu njo safi kupita zote. Vumbi hakuna. Basi pompi haitawezekana."

"Tata, ningeacha kintu ya mugeni ishike vumbi?" alijibu akikohoa. "Nilifunika yeye muzuri."

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Nilimwambia amwonyeshe Samy kitambaa. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. Kumtolea mgeni kitambaa kichafu! Lakini alikitoa, macho chini. Kilikuwa cheupe siku tatu zilizopita. Sasa kilikuwa na rangi ya barabara.

Samy alikitia kwenye mfuko. Alisema ataomba vumbi lake lipimwe, wakubwa wajionee wenyewe. Jumapili hiyo Mama Ngalula aliiambia kwaya kwamba sikukuu ya Noeli ataimba tena.

Jumatano Samy alirudi, kichwa chini. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimepigwa pasi na kukunjwa mara nne.

"Mi niliacha mufuko ku nyumba," alisema. "Muke wangu Princesse aliuona. Alisema, utarudishia mama wa batu kitambaa chafu namna gani? Alisikia haya."

Hasira zilinipanda. Mama Ngalula alikigeuza huku na huku, akakinusa, akatoa machozi.

"Umwambie aksanti sana," alisema. "Mi pia ningefanya vile."

Kisha kikohozi kikamshika mpaka akaegemea ukuta. Samy alitoa kisanduku tena, akakiweka mezani.

"Siku tatu, mama. Tafadhali, musikifunike."

Mama Ngalula alikitazama kikiwa uchi pale mezani, kisha akatazama kitambaa safi mkononi mwake.

"Na bageni bakikuja," aliuliza, "batasema nini?"

Nikamnyang'anya kitambaa, nikaenda nacho kwangu.