Mkono Uliotoka Kisimani

Niliolewa Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Lugoba kwa wazazi wangu wakulima. Mume wangu alikuwa na biashara zake Pangani, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulibaki wawili tu, mimi na mama mkwe. Hakuwa mtu wa kugomba. Ukali wake ulikuwa wa kunyamaza. Nikimpakulia wali, alitafuna polepole, akaniangalia, akasema, "Alhamdulillahi." Basi. Sikujua kama anashukuru kwa kupata chakula au kwa kukimaliza.

Jumapili moja jirani yetu muuza kashata alikuja barazani akihema.

"Shikamoo, mama. Leo alasiri kuna senema ya wanawake peke yao! Ya Wakorea. Inatisha na kuchekesha."

"Marahaba. Wakorea ndio watu gani?" mama mkwe akauliza.

"Wallahi sijui. Lakini nasikia wana majini kama sisi."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake akaingia ndani kutafuta buibui lake, akaniambia bila kugeuka, "Na wewe vaa."

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie mchana. Nje jenereta lilinguruma. Tukabanana kwenye mabenchi, na taa ikazimwa.

Kumbe filamu ile ilikuwa hadithi nne zilizounganishwa. Ya kwanza ilikuwa ya mzuka wa kike, nywele zimemfunika uso, anamtafuta aliyemwibia kitana. Tulipiga mayowe mpaka mwenye ukumbi akachungulia. Ya pili ilikuwa ya wezi wawili wapumbavu waliobeba mtungi mkubwa usiku kucha, kumbe ndani amelala mwenye nyumba. Wanawake walicheka hadi wengine wakashuka chini ya benchi. Ya tatu ilikuwa ya mapanga na mapenzi, na jirani yetu alilia wazi wazi, kashata zake zikaloa. Maneno hatukuyaelewa hata moja, lakini kila mtu alikuwa akimtafsiria mwenzake kwa sauti.

Hadithi ya nne ilikuwa kama ya nyumbani kwetu. Bibi harusi anahamia kwa mama mkwe wake. Kila siku mama yule anachukua bakuli la chakula, anakwenda kisimani, anainama na kunong'ona na kitu kilichomo. Bibi harusi akaanza kumwogopa. Sikuthubutu kumtazama niliyekaa naye. Siku ikafika, bibi harusi akanyemelea, akainama kuchungulia, na mkono mrefu mweupe ukachomoza. Mama mkwe wangu akanishika paja kwa kucha zote.

Hapo jenereta likazima.

Giza likawa totoro, na fujo ikazuka. "Malizia! Huo mkono wa nani?" Mwenye ukumbi akajibu kutoka mlangoni kwamba jenereta limekufa, leo basi tena. Wanawake wakakataa kuinuka.

Ndipo nikasikia sauti ya taratibu pembeni yangu.

"Mkono ule ni wa jini mwenye njaa," mama mkwe alisema, na ukumbi ukatulia. "Alitaka kumla bibi harusi tangu siku aliyoingia. Mama yule kila siku anampelekea bakuli, anamsihi: usimle mkwe wangu, mwache. Kupika hajui, lakini ni mtoto mzuri, atajifunza."

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Masikio yangu yakawaka moto.

"Sasa siku ile," akaendelea, "mama ana homa, na bakuli kapeleka bibi harusi mwenyewe, wali kaupika kwa mkono wake. Jini akaonja. Akaonja tena. Akatoka kisimani mbio, hata kiatu hakuvaa, mpaka Mlingotini! Hajarudi mpaka leo."

Ghala zima lililipuka kwa vicheko. Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikamsikia yeye mwenyewe anacheka, kicheko chembamba cha kukwama kwama ambacho sikuwahi kukisikia, nami nikashindwa kujizuia.

Njiani alinishika mkono. "Umekasirika, mwanangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Hapana, mama. Lakini wali wangu una nini?"

"Maji mengi. Na tui unalitia mapema mno. Kesho tutapika pamoja."

Wiki ile tulipika kila siku, na jioni majirani walikuja barazani kumtaka asimulie tena. Kila mara jini alikimbilia mbali zaidi, akafika hata Kiwangwa kujificha katika mananasi.

Jumapili iliyofuata jenereta lilikuwa limepona, na mwenye ukumbi akaonyesha sehemu iliyobaki. Mkono ulikuwa wa mjomba fulani aliyekuwa amejificha humo kukwepa vita. Bibi harusi akamvuta, wakakumbatiana, wakalia, ikaisha.

"Ndiyo hiyo tu?" jirani yetu akapaza sauti. "Sisi tunataka ile ya kwetu!"

Wanawake wakaanza kupiga makofi. Mama mkwe alijifanya hasikii, akarekebisha ushungi wake, kisha akainuka.

"Haya," alisema, "mwenye kukohoa akohoe sasa."