Kuzeesha Gitaa Mpya

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ni kwa sababu hawakufika Himbi, mtaa wa Goma. Kule, kwenye baa moja ya kando ya ziwa, mkubwa wa orkestra alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaniambia nirudi Jumamosi nijaribiwe, lakini nisije na kigitaa kinachong'aa kama sahani ya harusi. Wateja wao wanapenda gitaa iliyochubuka, iliyokula miaka. Sawa, papa. Mimi sikuwa na gitaa yoyote, ya zamani wala ya kesho, na nafasi ile ya mpiga gitaa niliitaka kuliko chakula.

Basi nikaunda yangu. Mwili nilichongewa na fundi wa vitanda wa Keshero, kwa ubao uliobaki kwenye kitanda cha maharusi. Shingo niliitoa kwenye gitaa ya Kichina iliyovunjika, niliyoiokota sokoni Mabanga katikati ya pasi na redio mbovu. Sumaku za kunasa sauti zilikuwa za bei ya chini kabisa, zinaimba ukizibembeleza. Nikapaka rangi nyekundu, ikakauka. Ilipendeza, weee! Halafu, kama mtu mwenye akili timamu, nikachukua jiwe la volkano nikaanza kuikwaruza.

Mawe hayo Goma hatununui, mlima unatuletea mpaka mlangoni. Nilisugua pale mkono unapoegemea, nikagonga kona kwa funguo, vyuma nikavilaza kwenye maji ya chumvi vishike kutu. Mama yangu alikuwa anachambua maharage, ananitazama kama mtu aliyelogwa.

"Mutoto wangu, tulikimbia vita ya Masisi na vitu vya kuchakaa tu. Weye unapata kipya, unakichakaza?"

Nikamweleza kwamba ndiyo mode, mtindo wa sasa, wazungu wanaipenda.

"Aka! Na batu batasema nini? Kwamba hauna mama?"

Jumamosi asubuhi nilitoka kutafuta nyuzi. Niliporudi, gitaa ilikuwa imeanikwa juani, imepakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye geti letu, inang'aa kuliko geti lenyewe. Hata skrubu hazikusalimika. Mama alisimama na brashi mkononi, uso umejaa furaha.

"Sasa enda. Utaonekana mutu."

Nilikasirika mpaka mate yakanikauka. Lakini utamgombeza vipi mama mwenye rangi hadi kwenye kitenge chake cha misa? Nikafunga nyuzi, nikaenda.

Nilipiga vizuri, kwa hasira. Mkubwa aliuliza kwa nini panasikika harufu ya geti. Nilipoinua mkono, ngozi ilikuwa imegandana na rangi, na pale nilipoegemea pakabaki alama yake nzima, vinyweleo na vyote. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Rudi Ijumaa, unaanza kazi. Na hiyo gitaa usiiguse tena."

Nyumbani Mama aliiona ile alama, akaguna, akainuka kuchukua brashi. Nikamshika mkono, wa buluu kama wangu, nikamwomba hiyo moja aniachie.