Mtepe Ndani ya Karai

Mwanatumu binti Matano hakukaa kitako mikono yake ikiwa mitupu. Kila alipokaa, popote pale, mkono ulikwenda kwenye pindo la leso, ukatoa kifumba cha usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, akaanza kusokota juu ya paja. Alisokota arusini. Alisokota matangani. Kamba ilitoka chini ya kiganja chake nyembamba na sawasawa, kana kwamba ilikuwamo pajani tangu zamani na yeye kazi yake ilikuwa kuitoa tu. Watu wa Munje walimtania kwamba atakwenda kusokota hata kaburini.

"Afadhali," aliwajibu. "Nitakuwa na kamba ya kutokea."

Baba yake alikuwa mshonaji wa mitepe, vyombo vya baharini visivyotiwa msumari hata mmoja. Mbao ziliunganishwa kwa vigingi, kisha zikashonwa kwa kamba ya usumba kama mtu ashonavyo kanzu. Mwanatumu alipokuwa kigori alikaa ndani ya chombo na baba yake nje, wakipitishiana kamba tunduni. Baadaye misumari ikawa rahisi, washonaji wakafa mmoja mmoja, na kufikia mwaka wa 1954 hapakuwa na mtoto wa Munje aliyewahi kuuona mtepe. Mwanatumu alibaki na kamba zake, na mjukuu wake Esha, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa darasa la sita. Alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao.

Mwaka huo karatasi ilifika shuleni kutoka Kwale. Kungekuwa na maonyesho ya siku tatu, na kila shule itengeneze mfano wa uvumbuzi mmoja mkubwa. Chini palikuwa na orodha: gari la moshi, simu ya waya, saa ya ukutani, kinu cha upepo. Esha alimsomea bibi yake jioni.

"Soma tena," Mwanatumu alisema.

Esha akasoma tena.

"Na sisi? Miaka yote hiyo tulikuwa tumelala?"

Asubuhi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya shule, anasokota. Mwalimu Charo, kijana wa Kigiriama aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alitoka akamkuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watoto watatengeneza mtepe."

"Mtepe haumo kwenye orodha, bibi."

"Basi uandike. Kalamu si unayo?"

Charo aliiogopa ofisi ya Kwale, lakini ofisi ilikuwa mbali na bibi huyu alikuwa mlangoni. Akaandika.

Fundi Sefu alichonga mbao za chombo cha dhiraa moja, akazitoboa kwa keekee. Kushona kulikuwa kazi ya Mwanatumu na Esha, mkono wa mtoto ndani, wa bibi nje.

"Vuta."

"Nimevuta, bibi."

"Hujavuta. Umeshika tu."

Walishona siku kumi na mbili. Kila tundu waliliziba kwa kigingi. Mwisho Mwanatumu akaupaka mtepe sifa, mafuta ya maini ya papa, akauweka ndani ya karai kubwa la maji nyuma ya nyumba.

"Usitoke humo mpaka siku ya safari," alimwambia Esha. Kisha akaitwa Bodo kumuuguza dada yake, akakaa huko wiki mbili.

Sifa ina harufu ambayo haimwachi mtu. Ilimfuata Esha shuleni, mikononi na nyweleni. Mvulana aliyeitwa Waziri, aliyekaa dawati la nyuma yake, aliziba pua kila alipopita. "Papa huyo! Mpisheni papa!" Darasa lilicheka, na Esha akaanza kuiona Kwale: ukumbi, Wazungu na wake zao, na yeye amesimama kando ya kitu kinachonuka. Siku ya tatu aliutoa mtepe majini. Aliusugua kwa sabuni, akausuuza, akausugua tena, akauanika juu ya paa la jiko. Ulikaa juani siku kumi, ukawa mweupe, safi, unanukia sabuni. Hakuona amefanya kosa lolote. Bibi aliporudi kutoka Bodo, mtepe ulikwisha kufungwa ndani ya leso na lori lilikuwa linapiga honi, naye akapanda pamoja na watoto.

Ukumbini Kwale kulikuwa na meza mbili ndefu. Moja ilikuwa na kibao UVUMBUZI, nyingine KAZI ZA MIKONO, na hiyo ya pili ilijaa mikeka, vikapu na miko. Mkaguzi wa shule, Mzungu aliyekijua Kiswahili vizuri, alipita polepole. Alipofika kwenye mtepe alipitisha kidole juu ya kamba.

"Kazi safi ya kushona," alisema, akachukua kadi yenye jina la chombo. "Lakini meza yake ni ile ya mikeka."

"Bwana," Mwanatumu alisema kutoka sakafuni alipokaa, mkono haukusimama. "Mkeka haubebi mzigo baharini."

"Na hiki kinabeba, mama? Bila msumari?"

"Kitie majini."

Mkaguzi alitabasamu. Akaagiza karai la maji na pishi ya mchele ndani ya mfuko. Mtepe ukielea na mzigo wake mpaka maonyesho yafungwe, kadi itabaki kwenye uvumbuzi. Ukizama, utakwenda kwenye mikeka. Mwanatumu akakubali.

Haukumaliza hata nusu saa. Maji yaliingia kwa kila mshono, mtepe ukalala ubavu, mchele ukalowa. Watoto wa shule nyingine walikuja mbio kuangalia, wakacheka. Esha alitamani sakafu ifunguke.

Mwanatumu aliunyanyua mtepe, akaupeleka puani. Akanusa. Akamtazama Esha mara moja tu, kisha akamgeukia mkaguzi.

"Umekauka," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimeuacha juani mimi mwenyewe. Kosa ni langu."

Esha akafungua kinywa. Mkono wa bibi ukaacha kamba, ukamkandamiza goti, ukarudi kusokota.

"Basi umeshindwa, mama," mkaguzi alisema.

"Maonyesho ni siku ngapi?"

"Tatu."

"Na leo ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Basi iache kadi yangu."

"Lakini unazama!"

"Hauzami. Unakunywa. Wewe ulipotoka safari ndefu hukuomba maji?"

Watu walicheka tena, na safari hii hawakumcheka Mwanatumu. Mkaguzi alisita, akairudisha kadi mezani. "Mpaka kesho kutwa, saa kumi," alisema.

Alikaa kando ya karai. Mtepe ulijaa, akautoa maji kwa kifuu, ukajaa tena. Mtoto mmoja mwenye gari la moshi la mabati alimsogelea. "Bibi, mashua yako imeshiba, au bado ina kiu?"

"Bado ina kiu. Lete hilo gari lako tulione likiogelea."

Jioni aliupika ule mchele uliolowa, kwa nazi mbili, akawalisha watoto wa shule yake. "Ushalowekwa," alisema. "Umenipunguzia kazi."

Siku ya pili maji yaliingia kidogo. Mbao zilikuwa zimevimba, kamba zikaanza kukaza. Mwanatumu aliutoa mtepe, akakaza pale palipolegea, kisha akatoa kichupa kikapuni. Esha aliijua ile harufu kabla kizibo hakijatoka. Mke wa mkaguzi alifunika pua kwa kitambaa, watu wakahama meza za karibu.

"Bibi, nakuomba," Mwalimu Charo alinong'ona. "Harufu hii..."

"Madirisha yapo, mwanangu. Yafungue."

Akaendelea kupaka, polepole, ubavu hadi ubavu. Esha alisimama mbali kidogo. Alimpenda bibi yake na alimwonea haya kwa wakati mmoja, na akiwa mtu mzima alizikumbuka hatua zile nne tano kati yao zaidi kuliko alivyokumbuka kicheko cha watu.

Asubuhi ya tatu Mwanatumu alitoa maji mara moja, hakuyatoa tena. Mkaguzi aliweka mfuko mpya wa mchele kwa mkono wake mwenyewe. Saa kumi akauinua mfuko, akapapasa chini yake, akapapasa tena kwenye pembe. Pakavu.

"Inabaki hapa," alisema, akainyoosha kadi.

Zawadi ilipewa gari la moshi. Mkaguzi aliomba mtepe ukae ofisini kwake, ndani ya kabati la kioo, watu wauone.

"Kabatini utakufa kwa kiu," Mwanatumu alisema. Akarudi nao Munje juu ya lori, ndani ya karai lenye maji. Yalimwagikia abiria kila penye shimo, wakamlaani mpaka Ukunda, naye anasokota.

Habari ya paa la jiko hakuitaja, wala Esha hakuitaja. Miaka ikapita. Esha akafaulu, akaenda chuo cha ualimu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1959 Mwanatumu alikuwa amelala kwenye kitanda alichokifuma mwenyewe kwa kamba zake, na mkono wake ulikwenda na kurudi pajani bila usumba wowote. Alikuwa ameamuru Esha auchukue mtepe, akawaonyeshe wenziwe chuoni. Ulikuwa mlangoni, ndani ya karai, umepakwa sifa siku ile ile. Lori lilikuwa linangoja.

"Shikamoo, bibi. Nakwenda."

"Marahaba."

"Bibi, siku ile ya Kwale..." Esha alianza.

Mkono ulisimama juu ya paja. Mwanatumu alifumbua macho, akamtazama kama alivyomtazama ukumbini.

"Usiutie sabuni tena, mke mwenzangu," alisema. "Wakisema unanuka, waache wazibe pua zao."