Waya Mbili za Mlango wa Kulia

Niligeuza waya mbili za spika kwenye mlango wa kulia wa pikapu ya mtu ili nimcheke mzee wa watu. Hilo nimeliandika hapa juu kabisa ili msomaji asinipende kwanza halafu ajute. Mengine ya kazi yangu, tangu siku ya kwanza hadi kustaafu, yanafuata.

Nilistaafu Aprili 2013 nikiwa kidato cha pili, baada ya kutumikia likizo tatu: Agosti, Desemba na Aprili. Najua wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa na mvi na pensheni. Mimi sina hata ndevu. Lakini nyinyi wa kidato cha kwanza mnaniuliza kila siku spika hufungwaje milangoni, na kila nikifika kwa Fundi Barasa mnacheka, kwa sababu mimi mwenyewe niliwafundisha kumcheka. Basi hii ndiyo hadithi yote, na ile sehemu niliyokuwa nairuka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Lodwar, duka la redio za magari lililo karibu na barabara ya Kalokol. Mwenye duka alitoka Murang'a na kila mtu alimwita Madam. Mama yangu ana cherehani kwenye kibaraza cha duka la tatu kutoka hapo, na ndiye aliyenipeleka. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya shule, nikamkuta Fundi Barasa amelala chali ndani ya Probox, miguu nje.

"Ejok, fundi," nikamsalimia kwa Kiturkana.

Miguu haikujibu.

"Ukitaka kuongea na huyo, zunguka mbele yake," Madam akaniambia kutoka dirishani. "Akiwa kazini hana habari na mtu."

Nikazunguka. Akanitazama usoni kwa muda, kama anayesoma tangazo, akanipa bisibisi. Mahojiano ya kazi yaliishia hapo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvua paneli, yaani lile gamba la ndani la mlango. Limeshikwa na skrubu mbili tatu, na pembeni kuna klipu za plastiki. Gari lililokaa kwenye jua la Lodwar miaka mitano, klipu zake ni biskuti. Ukizing'oa saa nane mchana zinakatika zote, kwa hiyo tulivua asubuhi, kabla bati la juu halijaanza kulia. Wiki ya kwanza nilivunja kumi na nne. Fundi aliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuliandika jina langu.

Kuchagua spika ni kazi kuliko kuifunga. Mteja akija hutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, wati mia tatu, mia nne, akadhani ameleta disko nyumbani.

"Hiyo namba ni ya kuuza boksi," fundi alikuwa akisema. "Geuza. Tafuta ile ndogo wameificha nyuma. Hiyo ndiyo spika itakula kila siku bila kuungua."

Halafu alipitisha kidole kwenye koni, ule uso wa spika unaocheza. Koni ya karatasi aliirudisha rafuni. Huku kwetu karatasi inakauka, vumbi linaingia, mwaka haujaisha inapasuka na kuanza kukoroma. Alitaka koni ya plastiki, na ukingo wake uwe wa raba, si sponji. Baada ya hapo alipima kina, kwa sababu nyuma ya spika kuna sumaku, na kioo cha dirisha kikishuka hupita hapo hapo.

"Shusha kioo chote kwanza, ndiyo upime," alisema. "Ukipima kioo kikiwa juu, utauza spika na kununua kioo."

Sasa waya. Kila spika ina pini mbili, pana na nyembamba. Pana ni chanya, nyembamba ni hasi. Kama huna uhakika, unagusisha betri ndogo ya tochi, chanya kwa chanya: koni ikiruka nje umepatia, ikirudi ndani umegeuza. Spika za milango miwili lazima zisukume pamoja na zivute pamoja. Ukigeuza waya za upande mmoja, hii inasukuma wakati ile inavuta, na besi zinakulana. Redio inaimba, spika zote mbili zinacheza, lakini muziki umekonda, na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Ni kosa la ajabu, kwa sababu kila spika ukiijaribu peke yake ni nzima.

Fundi alikuwa na mtindo wake wa kujaribu kazi. Alikaa katikati ya viti, akafungulia muziki, akaweka kiganja kwenye mlango wa kushoto, kisha wa kulia, macho amefumba. Halafu alinigeukia, akanitazama mdomoni na kuuliza, "Wewe unasikiaje?"

Nami nilijibu. "Ya kulia inakoroma, fundi." Au, "Twita imezidi," yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Aliitikia kwa kichwa polepole na kurekebisha. Nilidhani ananipima kama mwalimu anayejua jibu tayari. Shuleni nilimwigiza: nikifumba macho na kushika ukuta wa bweni kwa kiganja, nikiuliza, "Wewe unasikiaje?" Mabweni mawili yalikuja kutazama.

Desemba nilipandishwa cheo. Nilikabidhiwa milango ya kulia yote, na fundi akabaki na ya kushoto. "Siangalii nyuma yako tena," aliniambia. Nilijiita Mkurugenzi wa Kulia.

Aprili alikuja Dahir, msafirishaji wa Kakuma, na pikapu yake nyeupe, Hilux. Alitaka spika za milango ya mbele kwa sababu, alivyosema, kati ya Kakuma na Lodwar hakuna wa kuongea naye isipokuwa ngamia. Tulimchagulia zile nzuri, inchi sita na nusu, koni ya plastiki, raba. Fundi akafunga kushoto. Mimi kulia.

Wazo lenyewe lilikuja mikono ikiwa tayari kazini. Nikasema moyoni nigeuze waya, fundi akae katikati, afumbe macho yake ya kitakatifu, halafu aruke kama mtu aliyekalia mwiba. Tungecheka, ningerekebisha. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yote.

Akakaa. Akaweka kiganja kushoto. Akaweka kulia. Mimi nje nimeuma shati nisicheke, maana muziki ulikuwa umekonda kama mbuzi wa kiangazi. Akanigeukia.

"Wewe unasikiaje?"

"Iko sawa, fundi," nikasema, nikingoja anirukie.

"Haya. Rudisha paneli."

Paneli ile ina klipu saba. Nilizigonga moja moja kwa kiganja, na baada ya kila moja ningeweza kusema. Sikusema. Ile ya tano nilishajua kwamba mzee hasikii, na badala ya kuogopa nilifurahi, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Dahir akaondoka, ana haraka, kioo kiko chini.

Siku zilizofuata nilikuwa nikisimama mbele ya fundi na kuchezesha midomo bila sauti, maneno yasiyo maneno, nione. Naye aliitika, "Eeh. Sawa, kijana." Vijana wa duka la pili walikuja kutazama kama sinema. Siku moja nilimuuliza hivyo hivyo, bila sauti, kama yeye ni punda. Akasema, "Ndiyo, lakini maliza hiyo kwanza." Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Fundi akacheka nao, kwa adabu, bila kujua anacheka nini.

Siku ya tano Dahir alipiga simu. Madam akatoka nje. "Mnaenda Kakuma nyote wawili. Sitaki kusikia habari ya besi iliyopotea."

Kituo changu cha pili, basi, kilikuwa Kakuma, na nilitumikia hapo saa moja na nusu. Hilux ilikuwa mbele ya ghala la Dahir, na wapakiaji walikuwa wameacha magunia kuja kuona mafundi wa Lodwar. Dahir akafungulia muziki.

"Sikiliza, mzee. Besi iko wapi? Hii nimenunua spika ama redio ya mchungaji ng'ombe?"

Fundi akaweka kiganja kushoto. Akaweka kulia. Akafumba macho. "Inafanya kazi, Dahir. Zote mbili."

Wapakiaji wakatazamana. Dahir akainamia redio kupunguza sauti, na akiwa ameinama vile akauliza, taratibu tu, "Mzee, kwani wewe husikii?"

Fundi akaendelea kutazama barabara.

Kicheko kilianzia nyuma. Ningependa kuandika kwamba mimi sikucheka. Nilicheka, kidogo, kwa pua, ili wale wapakiaji wajue niko upande gani.

Fundi aliona midomo yao. Akanigeukia mimi, kama kawaida, na safari hii hakuuliza kitu. Akachukua bisibisi, akavua paneli ya kushoto, akatazama, akairudisha. Akaenda kulia. Alipofungua alikaa amechuchumaa mbele ya zile waya muda mrefu. Mimi natumia mkono wa kushoto, tepu yangu ya umeme inazunguka kinyume na yake. Mtoto mdogo angejua ni kazi ya nani. Akatazama waya. Akanitazama. Nilitazama magunia.

"Kosa ni langu, Dahir," alisema. "Waya niligeuza. Unisamehe."

Akazirudisha kwa dakika mbili, na besi ikaja, nzito, hata bati la ghala likajibu. Wapakiaji wakapiga makofi. Dahir aliridhika, lakini alimpigia Madam simu kabla hatujafika Lodwar, na alichomweleza hakikuwa habari ya waya.

Madam alituita kaunta. Alimwambia fundi kwamba gari moja ni bahati mbaya tu, halimuudhi. Kisha akageukia rafu, mgongo kwetu, na kwa sauti ile ile akasema, "Fundi, utakunywa chai?"

Fundi alikuwa anafuta bisibisi kwa kitambaa.

"Fundi, utakunywa chai?"

Aliendelea kufuta. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Kumgusa tu kwa kiwiko kungetosha.

Madam alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Sasa alisema akimtazama, taratibu, kila neno. "Barasa, mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini watu wananiletea magari kwa ajili ya sauti. Kesho pumzika." Halafu kwangu: "Wewe utashika mpaka nipate mwingine."

Fundi aliniachia kisanduku cha vifaa na kigoda chake cha kukalia kazini. Alichukua kile kitambaa tu.

Nilikalia kigoda siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea Madam na kumwambia kila kitu, kuanzia klipu ya kwanza. Nilidhani ataita watu, atanipiga, atamrudisha fundi.

"Waya uligeuza wewe," alisema. "Na masikio yake, uligeuza wewe?"

"Hapana, Madam."

"Basi huwezi kuyarudisha. Siku ile ulikuwa hapa kando yake, mdomo ulikuwa nao. Weka hicho kisanduku chini, uende nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Nilikimbia hadi chumba alichokuwa amepanga, kule Nawoitorong, nikakuta kufuli. Jirani akasema amepanda gari la Kitale asubuhi hiyo, kwa binti yake. Nilimwandikia ujumbe wa simu, mrefu, nikaufuta mara nyingi. Mwishowe nilituma maneno machache: ni mimi niligeuza, nisamehe, Madam nimemwambia. Alijibu siku hiyo hiyo. "Nimepata. Salimia mama yako."

Wastaafu huulizwa wana ushauri gani kwa vijana. Wangu ni kwamba spika ya mlango haihitaji fundi mwerevu. Inahitaji mtu mmoja atakayekaa katikati ya gari na kusema kweli kuhusu anachosikia. Vifaa vingine vyote vinauzwa dukani. Mimi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu siku ya kwanza, na kwa likizo mbili niliifanya vizuri bila kujua ndiyo kazi. Sasa nikipita pale naona kijana mwingine, na magari yanatoka yakiimba vizuri tu. Sijui kama Kitale kuna mtu amempa Fundi Barasa mlango wa kufungua. Na nyinyi mkija tena bwenini kuniomba niigize kile kiganja, sitaigiza.

Salamu nilizifikisha kwa mama jioni ile ile, na kwa kuwa hazikuweza kwenda peke yake, ikabidi nimweleze yote. Alisikiliza bila kuacha kushona, hadi nilipofika kwenye chai. Hapo akasimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, akasema:

"Barasa alikuja hapa mwaka jana, ameleta suruali ya kazi nishone. Akaniambia, mama Ekiru, masikio yangu imekwisha, na Madam asijue. Akaniuliza kama niko na mtoto ya masikio mzuri, akae karibu na yeye, awe anamwambia. Mimi nikasema niko naye."