Madereva Sita wa Harless

Asubuhi ya mwisho waliyokuwa wawili ilikuwa Jumapili ya mbio za magari, mwezi wa kumi. Arvella alikuwa amevaa koti la mumewe Harless juu ya gauni la kulalia, maana jiko la kuni lilikuwa bado halijashika. Vimkate vilikuwa vinaumuka ndani ya oveni na mchuzi mweupe wa soseji uko kwenye moto mdogo. Aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Hylton. Elfu tisa na mia mbili. Anaanza wa pili."

"Huyo mtie."

"Hata sijamaliza kumtaja."

"Jana nilisimama kwenye ukuta wa kona ya tatu. Breki zake hazinuki. Mizunguko mia nne pale uwanja wa Cold Ridge, mke wangu, mtu ambaye breki zake hazinuki ndiye mtu."

"Na huyu Strade? Gari lake limekataliwa kwenye ukaguzi, anaanza wa thelathini na tano. Bei yake ya kutupa."

"Wa thelathini na tano anaenda wapi? Anaenda kugongwa ubavuni. Mwache huko huko nyuma."

"Mimi nauliza tu, mzee."

"Uliza. Ila usimtie."

Ndivyo walivyocheza, miaka minane. Kila dereva alikuwa na bei ya kuchezea, si fedha ya mtu. Unachagua sita, bei zao zikijumlishwa zisipite elfu hamsini, unawaandika kwenye simu kabla ya bendera ya kijani inayoanzisha mbio. Kuanzia hapo magari yanakimbia na pointi zako zinakimbia nayo. Harless ndiye aliyechagua. Arvella ndiye aliyeandika.

Alipomaliza wa sita, Harless akauliza kama alivyouliza kila Jumapili ya mbio: "Umewaandika wote?"

Arvella akabonyeza mara ya mwisho, akailaza simu kifudifudi, akamjibu jibu lake la siku zote, akainuka kwenda kukoroga mchuzi.

Jumatano moyo wa Arvella ukasimama akiwa anakunja taulo. Hakuita. Harless alikuwa uani anapasua kuni. Alipoingia alikuta taulo tatu zimekunjwa, na ya nne iko mkononi mwake.

Arvella Shelor hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alipika shuleni Stovall Gap miaka ishirini na saba, vinywa mia nne kila mchana, na unga aliupima kwa kichwa. Alipenda kutafuna barafu. Hakupenda kuku, hata kuwaona. Kanisani aliimba nje ya sauti na alijua, akaimba hivyo hivyo. Uwanjani alikwenda mara moja tu maishani, na pamba masikioni, na Harless akaona haya kwa sababu mkewe hakumtazama aliyeongoza hata kidogo. Alitazama mkia wa mbio. Waliporudi nyumbani akamwambia, yule wa gari la njano amewapita watu kumi na tisa. Harless akamwambia yule wa njano hakushinda kitu. Arvella akasema najua, lakini amewapita kumi na tisa.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na barua. Harless aliacha shule akiwa na miaka minane, baba yake akimtaka kwenye tumbaku, na herufi zikabaki shuleni. Alipokuwa kijana Arvella alimwandikia. Harless akaibeba barua siku tisa kwenye mfuko wa shati, mpaka jasho likaanza kuila. Siku ya kumi alipanda barazani kwa kina Arvella akamrudishia.

"Hujaipenda?" binti akauliza.

"Sijui. Nisomee."

Akamsomea. Aliyoyasoma ni yao. Kisha akaikunja, akamshika kidole gumba na kumwambia: hili litakufa na sisi wawili. Harless hakuwahi kumwomba kiapo kingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa moja tu.

Miaka arobaini na tisa alitembea juu ya kiapo hicho kama mtu atembeaye juu ya daraja la babu yake, bila kutazama chini. Akafungua gereji ya breki, na vitabu vya hesabu vikakaa nyumbani, mikononi mwa Arvella. Watu walijua tu kwamba Harless Shelor husahau miwani.

Kwa Maxine, kwenye kituo cha mafuta penye kaunta na viti tisa, Harless alikuwa mtu. Ligi ya mchezo huo wa madereva sita ilikuwa ya pale pale, watu kumi na mmoja, na aliyekuwa juu mwisho wa msimu alitundikiwa ngoma kuukuu ya breki, kile chuma cha duara cha gurudumu, ukutani, jina lake limepakwa rangi nyeupe. Tatu zilikuwa za Harless. Jumatatu akiingia walimwita kocha.

"Kocha, jana ulimwonaje?" Garnet Akers alikuwa akiuliza. Garnet alikuwa dereva wa gari la kuvuta magari mabovu, rafiki yake tangu ujana, mtu wa mdomo.

"Hylton? Nilimwona tangu Jumamosi. Nilimnusa."

"Una pua, kocha. Pua ya mbwa wa kuwinda."

"Na wewe una macho ya nini, Garnet? Unamchagua mtu kwa rangi ya gari."

Walicheka, wakatazama vikombe vyao. Harless alidhani wanatazama kahawa.

Baada ya mazishi hakwenda kwa Maxine. Alikula vitu vya kopo. Mwezi wa tatu uwanja wa Cold Ridge ulifunguliwa tena, na Jumamosi miguu ilimpeleka yenyewe kwenye ukuta wa kona ya tatu. Akasimama kwa saa mbili, akasikiliza, akanusa. Alirudi na madereva sita kichwani, wazima kabisa, na nyumbani hakuna wa kuwaandika.

Hapo ndipo jambo lilipokaa. Arvella alikuwa amekwenda na kila kitu, lakini hiki walikifanya pamoja: pua yake, kidole cha Arvella. Kikosi cha hao sita kikiingia kwenye simu, kitu kimoja chao kitakuwa bado hai. Ili kiingie lazima mtu mwingine ashike ile simu. Na mtu mwingine akishika simu, atajua.

Alifikiri usiku kucha. Asubuhi ya Jumapili akachukua bandeji kwenye sanduku la Arvella, akajifunga mkono wa kulia, vidole na yote, akatia na tone la dawa nyekundu ili ionekane kweli. Akaenda kwa Maxine.

"Kocha," Maxine akasema. Akamwekea kahawa, kisha akamtajia vilivyopikwa siku hiyo, kimoja kimoja, kama alivyomtajia siku zote. "Mkono umefanyaje?"

"Ngoma ya breki imeniangukia."

Garnet alikuwa kwenye kiti chake. Akautazama mkono, akaitazama simu ya Arvella ambayo Harless aliisukuma juu ya kaunta.

"Niandikie sita wangu," Harless akasema. "Mkono unauma."

"Nipe." Garnet akaifungua. Akasogeza kiti karibu. Akakohoa, akaanza taratibu, sauti imeshuka: "Brannock. Elfu kumi na mia nne. Anaanza wa kwanza. Hylton. Elfu nane na mia tisa. Anaanza wa tano. Kettering. Elfu nane na mia tano. Anaanza wa..."

Jina, bei, nafasi. Jina, bei, nafasi. Hivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule, kama kwenye meza ya jikoni kwake.

Harless akamwacha afike wa saba.

"Garnet."

"Naam."

"Mbona unanisomea?"

"Si umesema nikuandikie?"

"Nimesema mkono unauma. Sijasema macho."

Garnet hakuinua kichwa. Maxine akafunga bomba la maji, na jokofu la soda likasikika.

"Mzee, tuwachague tu," Garnet akasema.

"Nani amekwambia?"

"Harless."

"Nimekuuliza nani."

Garnet akajisugua uso kwa viganja. "Arvella. Mwaka ule tulipoanza ligi. Wewe ulikuwa uwanjani, yeye akaja hapa, akasimama pale mlangoni hata koti hakuvua. Alisema tusikuwekee karatasi mbele. Hakutaka siku moja mtu akufanyie mzaha bila kujua. Ni hilo tu."

"Aliwaambia wote?"

"Tuliokuwepo."

"Mlikuwepo wangapi?"

"Wote."

Harless akamgeukia Maxine. Ukutani nyuma yake palikuwa na alama ya mraba, rangi iliyopauka pembeni, mahali ambapo zamani orodha ya vyakula ilitundikwa. Aliiona kila siku kwa miaka minane. Alidhani Maxine amechoka kuiandika.

"Alikuwa anakutunza, Harless," Maxine akasema.

"Sijakuuliza."

Akanywa kahawa. Ilikuwa imepoa. Kisha wazo la pili likamfika, polepole, kama moshi unaotoka kwenye gurudumu kabla hujajua ni gari lako.

"Vikosi," akasema. "Nyinyi mnaviona vya wenzenu?"

"Bendera ikishapepea vinafunguka vyote," Garnet akasema. "Kila mtu anaona cha kila mtu."

"Kwa hiyo changu mlikiona."

Garnet akazungusha kikombe chake.

"Nisomee cha mwisho. Cha mwezi wa kumi."

"Cha nini sasa, kaka?"

"Umeanza kunisomea, Garnet. Soma."

Garnet akatafuta. Kidole chake kikubwa kilikosea mara mbili. Akasoma: "Strade. Moss. Yost. Delray. Pickens. Lowder."

"Na Hylton?"

"Hayumo."

"Brannock?"

"Hayumo, kaka."

"Kati ya sita wangu, nani yumo?"

"Ulimchagua nani tena?"

Harless akawataja. Hakusahau hata mmoja. Garnet akatikisa kichwa kwa kila jina, mara sita.

"Alikuwa anafanya hivi tangu lini?"

"Harless, huu mchezo haulipi breki. Unalipa nafasi. Mtu akianza wa pili akamaliza wa nne, amekupunguzia. Akianza wa thelathini na tano akamaliza wa kumi, umevuna. Arvella aliliona hilo kabla yetu sote. Wewe unamjua atakayemaliza vizuri, hilo hakuna anayekupita. Lakini..."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na Jumatatu mimi nikija hapa nasema nimemnusa Hylton."

"Tulikuwa tunatazama vikombe."

"Mkaniita kocha."

"Alituomba."

Miaka minane walimvika kilemba cha ukoka, na aliyekisuka alikuwa anamngoja nyumbani, anamkatia kimkate katikati, anamtilia mchuzi. Harless akaanza kufungua bandeji. Aliifungua yote, taratibu, mpaka mkono ukatoka mzima, mweupe kidogo kwa kubanwa. Akaikunja vizuri kama Arvella alivyokunja vitu, akaiweka juu ya kaunta karibu na kikombe.

"Maxine. Zile ngoma tatu zishushe."

"Zikae, Harless. Ni mapambo tu."

"Futa jina, basi. Uandike la mwenyewe."

"Na kikosi?" Garnet akauliza. "Bado nusu saa. Nitajie hao sita wako, niwaandike kama ulivyosema. Neno kwa neno. Naapa."

Harless akachukua simu, akaitia mfukoni.

"Nitajuaje?" akasema, akatoka.

Nyumbani alifungua redio jikoni. Vimkate hakuna. Alikaa kwenye kiti chake, na kile cha pili kikakaa bila mtu, na magari yakaanza kulia kule Cold Ridge, maili sita, sauti ikifika mara mbili, kwenye redio na dirishani. Hylton alianza wa tano. Wengine walipoanza kutoa moshi kwenye mzunguko wa mia tatu, yeye breki zake zilikuwa bado baridi, na mtangazaji akashangaa. Harless hakushangaa. Hylton akamaliza wa pili. Kuna mtu alianza wa thelathini na mbili akamaliza wa tisa, mtangazaji akamtaja mara moja tu, na Harless akajikuta amehesabu kabla hajajizuia. Ishirini na tatu.

Angeshindwa kwa madereva aliowachagua mwenyewe, angekuwa ameshindwa yeye. Hilo hakupewa. Hakupewa hata kushindwa kwake.

Alitoa simu, akaitazama. Alama zile ndogo zilijipanga kwenye kioo, safi, na hakuna hata moja iliyomwambia kitu. Akaiegemeza kwenye kopo la sukari, mahali pake. Alimfikiria Arvella vile alivyokuwa, na koti lake, na miwani, uso mtulivu kama wa mtu anayepima unga. Alitafuta kwenye uso huo mahali ambapo uongo ungeonekana. Hakupaona. Hilo ndilo lililomkaa vibaya kuliko yote: ikiwa hapo hakupaona, mahali pengine ni pangapi, na barua ile ya barazani ilisema nini kweli.

Akazima redio.

"Umewaandika wote?" alikuwa amemuuliza asubuhi ile ya mwisho. Na Arvella, kabla hajainuka kwenda kukoroga mchuzi, alisema hivi:

"Hao hao wako, Harless, sijagusa hata mmoja."