Viraka vya Dulla

Dulla alijiita fundi, na hakuna aliyemzuia. Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, maturubai ya plastiki yaliingia Makambako kwa wingi, yakachanika kwa wingi zaidi, naye akakaa pale yanapoegeshwa malori akiyabandika viraka kwa pasi ya mkaa. Mkewe Zamda alimpikia, akamfulia, na akamdharau kwa moyo wote.

Hakumwonea. Kiraka kikishashika, kilitakiwa kufunikwa gunia la moto kipoe polepole. Kikipoa hivyo kinakuwa kigumu na laini juu, kamba ya mzigo inateleza tu. Dulla alilijua hilo vizuri, na siku zisizo na wateja alilifanya. Wateja wakija, bwana mkubwa anachota maji ya baridi na kukimwagia. Chwaa! Lete kingine. Kisha anakivuta kwa mikono miwili, hakibanduki, na wajinga wanamshangilia. Kana kwamba njiani kuna mtu wa kukivuta! Njiani kuna kamba, inasugua kutwa nzima, na kiraka cha maji ya baridi kinaing'ang'ania mpaka kinalika.

Zamda aliuza vitumbua miaka na miaka hadi akapata pesa za saruji ya kujengea nyumba yake. Halfan, mwenye lori, akakubali kuileta kutoka Mbeya, ila turubai lake lilikuwa na tundu.

"Baba Ashura, hiki kimoja tu kiache kipoe chenyewe," Zamda alimsihi mumewe. "Saruji ni yangu."

"Unanifundisha kazi, mama Ashura?"

"Nakuomba."

"Haya, nimesikia."

Zamda akarudi kwenye vitumbua vyake. Halfan akapiga honi mara moja, na Dulla akachota maji.

Lori liliporudi lilikuwa limenyeshewa tangu Igawa. Mifuko ilikuwa mawe matupu. Zamda akakitazama kiraka: kingo zote zimeshika barabara, katikati ilipopita kamba pamelika, mkono unapenya.

"Plastiki za siku hizi takataka," alisema Dulla. "Wanatuletea uchafu."

Zamda aliusukuma mfuko mmoja mpaka nje ya mlango wa chumba chao cha kupanga.

"Huo wa nini hapo?"

"Wa kukalia. Utalala wapi sijui, lakini utachoka kusimama."

Akaingia ndani, akatia komeo.